Gokati Kuukuu na Spea za Kuchongesha: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo

Gokati (kigari kidogo cha mbio) ninayoizungumzia ni ile ya mashindano ya miaka ya 1970 na 1980: fremu ya mabomba ya chuma kutoka Italia, injini moja ya Yamaha KT100 ubavuni mwa dereva, breki moja nyuma, bila springi hata moja na bila difu (gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti). Injini yenyewe si ngumu kuielewa. Silinda ina kipenyo cha milimita 52, pistoni husafiri milimita 46, ujazo wake ni sentimita za ujazo 97.6, inapozwa kwa upepo na oili yake huchanganywa kwenye petroli. Imetumika katika nchi nyingi mno, kwa hiyo pistoni, ringi na viwambo vya kabureta bado vinapatikana ukiviagiza. Kazi huanza kwenye vile vingine: habu za magurudumu, ekseli, mikono ya usukani, vishikio vya kiti, sahani ya breki. Huko hakuna duka litakalokusaidia. Unakibeba kile kipande kibovu mpaka kwa fundi wa kukereza, awe Kariobangi, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, unamwambia, "Nichongee kama hiki."

Matatizo mengi nitakayoyaeleza hapa yanatokana na maneno hayo. Kipande ulichompelekea kimelika kwa miaka 40. Fundi akikipima, anapima na ulaji wake, kisha anakuchongea kipya chenye ulaji uleule. Gokati yangu ya kwanza ilikata kii ya habu ya nyuma (kipande cha chuma kinachozuia habu isiteleze kwenye ekseli) mara tatu mfululizo. Nililaumu chuma cha kii, nikabadilisha chuma, ikakata tena. Nilipoazima maikromita ndipo nikaona kuwa tundu la habu mpya lilikuwa pana kuliko ekseli kwa milimita 0.3. Fundi hakukosea, alinakili kwa uaminifu kile nilichompa. Habu ilitakiwa kubanwa kwenye ekseli na bolti zake mbili, kii ikiwa msaada tu. Kwa kuwa haikubana, mzigo wote uliangukia kii.

Tangu hapo, gokati ikianza kusumbua jambo la kwanza ninaloangalia ni kipande kipya kilichoingia mwisho, hata kama dalili inaonekana mbali nacho. Na ninapokwenda kuchongesha, habu ninaipimia ekseli, beringi ninaipimia nyumba yake, bushi ninaipimia pini yake. Sampuli ni ya kuonyesha umbo. Vipimo vinatoka kwenye kile kitakachokutana nacho.

Haiwaki, au inawaka ukiinywesha petroli kisha inakata

Gokati nyingi za aina hii za Ulaya na Australia hazina klachi. Injini na ekseli vimefungwa pamoja kwa cheni, nawe unasukuma mpaka iwake. Za Marekani nyingi zina klachi na huwashwa kwa starta ya nje. Ukisukuma mpaka ukachoka, fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini cheche haipo au inakuja wakati usiofaa.

Tuanze na plagi kavu. Kabureta ya Walbro ya injini hii haina bakuli wala boya kama ya pikipiki. Ina viwambo viwili: kimoja ni pampu, kingine kinapima kiasi cha petroli inayoingia. Pampu haina mota. Inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya kasha la kranki, ambayo hupitia tundu dogo. Kwa baadhi ya injini tundu hilo liko kwenye uso ambapo kabureta inaungana na injini, kwa nyingine kuna kibomba cha mpira. Sasa mtu anakata gasketi yake kwa karatasi, anatoboa tundu kubwa la hewa na matundu mawili ya bolti, lile dogo analisahau. Injini itawaka kwa petroli uliyoimiminia mdomoni, itanguruma sekunde tatu, itakata. Itafanya hivyo kila mara, nawe utaifungua kabureta mara kumi bila kuona kosa, kwa sababu kosa halimo ndani ya kabureta. Shika gasketi uliyoikata, ilaze juu ya flanji, uhakikishe kila tundu la chuma lina mwenzake kwenye karatasi. Gasketi iliyogeuzwa nayo huleta dalili hiyohiyo.

Kama tundu lipo, fungua viwambo. Kiwambo cha zamani hukauka na kutoa sauti kama karatasi ukikikunja, na cha namna hiyo hakifai hata kama hakijapasuka. Ukirudisha, zingatia mpangilio. Upande wa pampu, kiwambo ndicho kinachogusa mwili wa kabureta, kisha gasketi, kisha mfuniko. Upande wa kupimia ni kinyume chake: gasketi kwanza, kiwambo juu yake. Ukichanganya, injini itavuja petroli au haitapata kabisa.

Plagi iliyolowa inakupeleka kwenye umeme. Badilisha plagi kwanza, maana ndiyo rahisi. Kwa NGK kumbuka kuwa namba kubwa ni plagi baridi zaidi: plagi ya mashindano yenye namba 10 itajaa oili ukiitumia kuzunguka polepole uani. Kisha tazama flaiwili. Inakaa kwenye ncha ya kranki iliyochongwa umbo la pia, na kuna kii ndogo ya nusu mwezi inayoonyesha mahali pake. Inayoishikilia flaiwili ni ile pia yenyewe, kii ni ya kuelekeza tu. Ikiwa kii imechongwa nyembamba, au ncha hiyo ya kranki ina makovu, flaiwili husogea kidogo na cheche hutoka wakati usio wake. Injini inarudisha teke, inapiga baruti, au inawaka na kukosa nguvu. Dawa ni kusugulisha flaiwili na ncha hiyo kwa pesti ya kusagia mpaka zishikane uso mzima, kuosha vizuri, kisha kufunga nati kwa nguvu inayotakiwa.

Kuna jambo moja linalowashtua watu wengi. Matundu ya silinda ya KT100, yanayoingiza mchanganyiko na kutoa moshi, yanafunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, na pistoni ikipanda au ikishuka hayajui mwelekeo wa kranki. Injini ikirudisha teke wakati wa kuwashwa, inaweza kuendelea kuzunguka kinyume. Ikitokea, izime mara moja, ukaangalie kii.

Unaachia mafuta lakini mizunguko haishuki

Unatoa mguu na injini inabaki juu, inalia kwa sauti kali, na plagi ikitolewa ni nyeupe kama chokaa. Hewa inaingia mahali pasipo pake. Usijaribu kutibu kwa kugeuza sindano za kabureta (skrubu zinazopima petroli). Utaificha dalili kwa siku moja na utaua pistoni siku ya pili.

Tafuta uvujaji kwa shinikizo. Fungua egzosi na kabureta, ziba midomo yote miwili kwa vipande vya bapa vyenye mpira wa tyubu, kimoja kikiwa na vali. Pampu kwa mkono mpaka pauni 5 au 6 kwa inchi ya mraba, usizidishe, kisha subiri. Mshale wa geji ukishuka, paka povu la sabuni: kwenye sili za kranki pande zote mbili, kwenye maungio ya kasha, chini ya silinda, kwenye kichwa, na kwenye kile kipande kinachotenganisha kabureta na injini.

Kwenye gokati za kufufua, kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokishuku kuliko vyote. Watu hukichongesha kwa alumini kwa sababu ni nyepesi kuikata. Alumini inapitisha joto moja kwa moja kwenye kabureta, petroli inachemka ndani ya vyumba vyake, na sasa una magonjwa mawili. Kipande hicho kilikuwa cha nyenzo isiyopitisha joto kwa sababu maalumu. Chongesha kwa tufnoli (kitambaa kilichogandishwa kwa resini) au plastiki inayostahimili joto na petroli, na uso wake usuguliwe juu ya kioo bapa chenye msasa.

Pistoni imekwama

Hii ndiyo inayouma zaidi, na ndiyo yenye mengi ya kujifunza, kwa hiyo usikimbilie kuagiza pistoni mpya kabla hujaisoma ya zamani. Pistoni iliyokwama ni barua, imeandika yenyewe kilichoiua.

Mikwaruzo ikiwa kwenye pembe nne, imegawanyika kuizunguka, pistoni ilitanuka kabla ya silinda. Silinda ya injini hii ni alumini yenye bomba la chuma cha kalibu ndani, na pistoni ni alumini, ambayo hutanuka zaidi ya chuma kile. Ama silinda ilichongwa na kuachiwa nafasi ndogo mno, ama uliipeleka injini baridi moja kwa moja kwenye kasi kubwa. Fundi wa kuchonga silinda za matrekta au malori anaweza kuwa bingwa wa kazi yake na bado asijue kuwa injini ya mipigo miwili inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika inahitaji nafasi tofauti. Mpe pistoni mkononi, pamoja na kipimo cha mtengenezaji wa pistoni. Mwambie pia akwangue kidogo kingo za matundu baada ya kuchonga, kwani ringi ikipita kwenye ukingo mkali hunaswa na kuvunjika. Uwazi wa ncha za ringi uupime ukiwa umeiingiza ringi ndani ya silinda: kwa kipenyo cha milimita 52, milimita 0.2 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mikwaruzo ikiwa upande wa egzosi peke yake, joto lilizidi: mchanganyiko ulikuwa na petroli kidogo, au cheche ilikuwa mapema mno, au hewa ilivuja. Kichwa cha pistoni kikiwa kimetobolewa au kumomonyoka ukingoni, ni habari ileile iliyofika mbali zaidi. Mikwaruzo ikiwa imezunguka kote na chuma kinaonekana kikavu, oili haikufika.

Kuhusu oili, kuna kosa ambalo hata watu wenye uzoefu hulifanya. Injini imekwama, mtu anaongeza oili kwenye petroli akidhani anailinda, na haigusi kabureta. Lakini lita moja ya mchanganyiko wenye oili zaidi ina petroli pungufu, na sindano inapitisha kiasi kilekile. Kwa hewa ileile, injini sasa inachoma petroli kidogo kuliko jana. Ukibadilisha kipimo cha oili, rekebisha na sindano. Mimi hutumia moja kwa 20, yaani mililita 50 kwa kila lita ya petroli, na sibadilishi.

Harufu tamu ya mashindano ya zamani ilitokana na oili ya mbarika, na wengi wangependa kuirudisha. Inalinda vizuri sana kwenye joto. Ila itumie ile iliyotengenezwa kwa injini. Mafuta ya mbarika yanayouzwa kwa ajili ya nywele na ngozi hayakuandaliwa kwa kazi hiyo. Yataacha gundi kwenye ringi, na baada ya wiki chache ringi hazitatembea tena kwenye mifereji yake.

Chini inalala, juu haifiki

Kama injini haina ugonjwa wowote kati ya hayo na bado haina nguvu, pima egzosi. Egzosi ya injini ya mipigo miwili ni sehemu ya injini. Umbali kutoka pistoni hadi kwenye koni ya egzosi ndio unaoamua wimbi la gesi litarudi saa ngapi kuusukuma mchanganyiko uliokuwa unatoroka. Bomba refu huipa nguvu mizunguko ya chini, bomba fupi huipa ya juu. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea bomba jipya la kuunganishia, na akaongeza sentimita 3 ili lipite vizuri pembeni ya kiti, amekubadilishia tabia ya injini nzima. Pima kwa kamba laini kupita katikati ya bomba, upate urefu halisi wa mkunjo.

Cheni inaruka, inakata, au inalia

Cheni ya gokati za mashindano za miaka hii kwa kawaida ni ama namba 219, ambayo hatua yake ni milimita 7.775, ama namba 35, yenye milimita 9.525. Kwa macho zinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Nimeletewa spoketi iliyochongwa vizuri kabisa, meno yamesafishwa, alumini imeng'aa, ikiwa imechongwa kwa hatua ya 219 kumbe cheni ya mteja ni 35. Inakaa kwenye meno matatu ya mwanzo, kisha inaanza kupanda.

Ukiwa na hakika ya hatua, inua nyuma ya gokati, zungusha ekseli kwa mkono polepole huku unabonyeza cheni katikati. Ikiwa inakaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine katika mzunguko mmoja, spoketi haijakaa katikati ya ekseli. Hilo ni kosa la kawaida la kishikio cha spoketi kilichochongeshwa: tundu la ekseli limetobolewa siku moja na matundu ya bolti siku nyingine, kipande kikiwa kimetolewa kwenye mashine na kurudishwa. Omba vyote vikamilishwe kwa mkao mmoja. Weka saa ya kupimia mtikisiko kwenye kishikio, kisha kwenye ekseli pembeni yake. Ekseli ikiwa imenyooka na kishikio kinacheza, umempata mwenye kosa. Vyote viwili vikicheza, ekseli imepinda.

Ikiwa cheni haikazi popote lakini inaliwa upande mmoja, laza ubao ulionyooka kwenye uso wa spoketi mbili. Injini mara nyingi husogea kwenye reli zake wakati wa breki, hasa kama vibanio vya chini vimechongeshwa na havikupata mkunjo sahihi wa bomba. Kibanio kinachogusa bomba kwa mstari mmoja hakitashika, hata ukikifunga mpaka bolti ikatike, na kitaacha kidonda kwenye fremu. Spoketi ya alumini laini ya kawaida nayo huisha meno upesi sana. Zile za kiwandani ni za aloi ngumu ya 7075, na tofauti utaiona baada ya Jumapili moja.

Inarukaruka kwenye kona, au pua haitaki kugeuka

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wakae chini kidogo, kwa sababu wengi huharibu gokati nzuri mahali hapa huku wakiamini wanaiimarisha.

Ekseli ya nyuma ni moja, ngumu, na magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Bila difu, lazima gurudumu la ndani linyanyuke kidogo au lipunguziwe uzito, la sivyo gokati itataka kwenda moja kwa moja. Kinacholinyanyua ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni mlalo wa kingipini za mbele (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia): ukikata usukani, gurudumu la mbele la ndani linasukumwa chini na kuinua upande wake. Cha pili ni fremu yenyewe, ambayo lazima ijipinde. Fremu ndiyo springi. Kiti ni sehemu ya springi hiyo, na ekseli pia.

Basi fikiria kinachotokea fremu ikipata ufa kwenye kishikio cha beringi, na mchomeleaji mwenye nia njema akaweka bamba nene juu yake, na akaongeza bomba la ukingo "ili lisirudie". Bomba la asili mara nyingi ni aloi ya kromu na molibdeni, jembamba na lenye unyumbufu. Sasa upande mmoja umekuwa mgumu kama nguzo. Kona za kushoto gokati inageuka, za kulia inarukaruka. Kwa ufa, njia sahihi ni kutoboa kijitundu mwisho wake ili usiendelee, kuufungua kwa faili, kuchomelea kwa TIG (umeme ndani ya gesi) na waya unaoendana na chuma hicho, na kuacha kipoe chenyewe. Usimwagie maji, utaliacha bomba likiwa kavu kama kigae pembeni ya mshono.

Ekseli ya kuchongesha nayo huleta dalili hizi. Nimeona ya nondo nzima, nzito na isiyonyumbuka. Nimeona pia ya bomba la maji, ambayo ilipinda siku ya kwanza, na nashukuru ilipinda uani. Ekseli ya asili ni bomba la chuma cha aloi lenye unene maalumu. Ukilazimika kuchongesha, tafuta chuma cha daraja hilo, uzingatie kipenyo cha nje na unene wa ukuta pia.

Kabla ya yote hayo, legeza bolti za kiti. Fanya hivyo kweli, hata kama unadhani hazihusiki. Kiti cha faiba kilichotengenezwa upya mara nyingi huwa chembamba au kipana kwa milimita kadhaa kuliko vishikio. Mtu anavuta bolti mpaka kiti kigusane na chuma, na hapo anaikunja fremu nzima kabla haijaingia barabarani. Bolti ya kiti inatakiwa iingie kwa vidole. Pengo likibaki, lijaze kwa washa za plastiki. Nimewahi kuponya gokati iliyokuwa inarukaruka kwa miezi kwa washa sita tu.

Kiti kikishakaa sawa, pima uzito kwa mizani nne, dereva akiwa amekaa: mbele iwe na asilimia 40 hadi 43. Kiti kilichorudi nyuma kwa sentimita 2 kinatosha kuifanya pua ikatae kugeuka.

Inavuta upande mmoja

Vua kila kitu, laza fremu tupu juu ya vipande vinne vya urefu sawa kwenye sakafu uliyoipima kwa levo. Ikicheza, imejipinda. Isipocheza, tatizo liko mbele: kiekseli kifupi cha gurudumu kilichopinda, bushi za kingipini zilizochongwa kwa pembe tofauti kushoto na kulia, au tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu) zisizo na urefu sawa.

Kwenye usukani sitalegeza neno langu. Shafti ya usukani haiunganishwi kwa kuchomelea vipande viwili. Ncha za tairodi ziwe na hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, ziingie ndani angalau kwa urefu sawa na kipenyo cha bolti na nusu yake. Weka washa pana nje ya kila ncha, ili kigololi kikitoka kwenye nyumba yake mkono usidondoke. Nati ziwe za kujifunga zenye plastiki, mpya kila unapofungua.

Breki

Pedali laini inayozama ni hewa, au sili ya mpira iliyochoka, au masta silinda yenye kipenyo kidogo mno kwa kalipa yako. Pedali ngumu isiyosimamisha gari ni kinyume: masta silinda kubwa mno, au pedi zilizobandikwa upya kwa nyenzo za malori, ambazo zinahitaji joto ambalo gokati haitalifikia.

Dalili ya kutisha zaidi ni breki inayojikaza yenyewe kadiri unavyozunguka, mpaka ekseli inafunga katikati ya kona. Angalia kijiti kinachosukuma pistoni ya masta silinda. Kikichongwa kirefu kwa milimita moja tu, pistoni hairudi nyuma kikamilifu, na tundu dogo la kurudishia mafuta haliachwi wazi. Mafuta yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kwenda isipokuwa kusukuma pedi. Lazima ukishika pedali usikie uchezaji mdogo kabla kijiti hakijagusa.

Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Usizipulizie kwa kompresa. Zilowanishe, zifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa. Na rimu za magnesi zisikaribie jiwe la kusagia lenye cheche: unga wake ukishika moto, maji yanauongeza.

Pwani inakwenda, Nairobi inakohoa

Ulikuwa umeiweka sawa Mombasa, ukaipandisha Nairobi, na sasa inatoa moshi mzito, inajikwaa ikitoka kwenye kona, plagi nyeusi. Haijaharibika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Petroli inayoingia ni ileile, hewa imepungua. Funga sindano ya kasi kubwa kidogo kidogo kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, ukisoma plagi kila baada ya mizunguko michache, mpaka ipate rangi ya kahawa.

Kinachohitaji uangalifu ni safari ya kurudi. Mkao huo wa Nairobi ukishuka nao pwani, hewa nzito itaikuta petroli kidogo, na injini itakwenda vizuri ajabu kwa dakika kadhaa, kali kuliko ulivyowahi kuiona, kisha pistoni itakwama upande wa egzosi. Ninapofunga gokati kwenye pikapu kurudi, hufungua sindano kwanza, papo hapo Nairobi, kabla ya kamba. Kisha huandika kiasi nilichofungua kwenye utepe mweupe na kuubandika katikati ya usukani.